Tarehe Zilizo Ndani ya Chuma: Je, Injini Hii Ilizaliwa na Gari Hili?

Namba ya chesisi ya Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 husema mengi, isipokuwa lile ambalo mnunuzi analitaka zaidi. Chukua namba inayoanza na 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro yenye injini ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa gumu, 9 ni mwaka wa modeli, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Zinazofuata ni tarakimu sita za zamu ya gari hilo kiwandani. Hakuna herufi hata moja inayoeleza kama lilitoka na injini ya kawaida ya kwendea kazini na sokoni, au lilitoka likiwa Z/28, ile Camaro iliyoundwa ili Chevrolet waingie kwenye mbio za Trans-Am, ambako injini haikuruhusiwa kuzidi inchi za ujazo 305.

Hapo ndipo biashara ya udanganyifu ilipopata mlango. Camaro za mwaka huo wa modeli zilikuwa 243,085, na kati yake Z/28 zilikuwa 20,302. Michirizi miwili ya rangi juu ya boneti, nembo na magurudumu mapya yote yanapatikana dukani. Kinachobaki kumtenganisha mwenye gari la kweli na mwenye gari la kuigiza ni injini yenyewe, na hasa tarehe zilizo mwilini mwake. Ndiyo maana watu wazima hulala chali chini ya gari wakiwa na tochi na kioo kidogo cha kukagulia, wakitafuta herufi tatu nyuma ya bloku.

Injini ya Chevrolet ya V8 ya miaka ile ina maandishi ya namna tatu, na kila moja liliwekwa mahali tofauti na mikono tofauti. Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kuyachanganya.

La kwanza ni namba ya kalibu. Hii imesubiwa pamoja na chuma, imeinuka juu ya uso wa bloku, na iko upande wa kushoto nyuma, kwenye ukingo unakofungiwa giaboksi. (Vitabu vya Marekani husema “upande wa dereva”. Dereva wao hukaa kushoto, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayefuata maneno hayo kwa mazoea ya nyumbani atatafuta upande usiofaa.) Namba hii haitaji gari. Hutaja umbo la kalibu tu. Bloku namba 3970010, kwa mfano, ilianza kutumika mwaka 1969 na ikaendelea karibu muongo mzima, ikaingia kwenye magari ya familia, malori madogo na magari ya michezo bila ubaguzi.

La pili ni tarehe ya kusubiwa. Katika injini ndogo za V8 iko upande wa kulia nyuma, nayo imeinuka vilevile. Herufi ni mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba. Inafuata siku, kisha tarakimu moja ya mwisho wa mwaka. C 6 9 ni tarehe 6 Machi 1969. Au 1979. Tutarudi hapo.

La tatu ndilo linalouza magari. Mbele ya bloku upande wa kulia, chini kidogo ya silinda hedi, kuna sehemu bapa iliyolainishwa kwa mashine. Hapo kiwanda cha injini kiligonga mhuri kwa nyundo na namba za chuma baada ya injini kuunganishwa. V0314DZ husomeka hivi: V ni kiwanda cha Flint, Michigan, 0314 ni tarehe 14 Machi, DZ ni injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28 ya mwaka 1969. Kama herufi ya kwanza ingekuwa T, injini ingekuwa ya Tonawanda, New York. Tazama kitu kimoja ambacho wengi hukipita: mhuri huu hauna mwaka. Mwaka unaujua kwa herufi za mwisho na kwa tarehe ya kusubiwa, na herufi za mwisho zilirudiwa kwa maana nyingine katika miaka mingine.

Kuanzia magari ya modeli ya 1968, sehemu ya namba ya chesisi iligongwa pia kwenye injini na giaboksi. Kazi hiyo haikufanyika Flint. Ilifanyika Norwood, au Los Angeles, pale injini ilipokutana na gari lake. Kwenye Camaro utaikuta ama pembeni ya mhuri wa injini, ama ubavuni karibu na filta ya oili, ikianza na 19N au 19L.

Kwa hiyo safari ya injini moja ina vituo vinavyofuatana. Chuma cha injini za Flint kilisubiwa Saginaw. Bloku ikapelekwa Flint kuchongwa na kuunganishwa, ikasafirishwa hadi kiwanda cha magari, ikafungwa, gari likatoka. Bamba dogo lililo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria nalo lina tarehe yake: 03D ni wiki ya nne ya Machi. Tuchukue gari la kubuni lenye tarehe hizo tatu: bloku ya 6 Machi, injini ya 14 Machi, bodi ya wiki ya nne ya Machi. Hesabu inakwenda sawa. Mara nyingi pengo kati ya kituo na kituo ni siku chache hadi wiki chache. Bloku iliyosubiwa baada ya injini kuunganishwa, au injini iliyounganishwa baada ya gari kuuzwa, haihitaji mjadala.

Mengi yanayosemwa kuhusu tarehe hizi hukosea mwelekeo. Tarehe ina nguvu kubwa ya kukanusha na nguvu ndogo sana ya kuthibitisha. Bloku yenye tarehe ya Agosti 1969 ndani ya gari lililotoka Machi 1969 si ya gari hilo, na hakuna risiti wala kiapo cha mwenye gari kitakachobadilisha jambo hilo. Lakini bloku yenye tarehe ya 6 Machi ndani ya gari la mwisho wa Machi haijathibitisha chochote ila kwamba inawezekana. Siku ile ile zilisubiwa bloku nyingine nyingi za namna hiyo hiyo, na kila moja ilikwenda kwenye gari lake. Anayetafuta kwa subira katika magereji na makaburi ya magari anaweza kupata mojawapo, akainunua kwa bei ya chuma, na akaifunga kwenye gari ambalo tarehe zake zinakubaliana nayo. Wauzaji waaminifu huiita bloku ya tarehe sahihi, na wanasema wazi kwamba si ile ya asili. Wasio waaminifu huchukua hatua moja zaidi.

Hatua hiyo ni rahisi kuliko inavyopaswa. Uso wa juu wa bloku huchongwa kidogo mashineni, kazi ambayo mafundi wengi wa kuunda upya injini huifanya ili silinda hedi ikae sawa. Ile sehemu bapa yenye mhuri iko kwenye uso huo huo, kwa hiyo inachongwa pamoja nao. Mhuri wa zamani unapotea, unabaki uwanja safi, na namba za chuma za kugongea zinauzwa kihalali. Kwa Z/28 kazi ni nyepesi zaidi. Injini ya 302 na ile ya 350 zina kipenyo kimoja cha silinda, inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti iko kwenye krankshafti: mwendo wa pistoni wa 302 ni inchi 3, wa 350 ni inchi 3.48. Bloku 3970010 ilitumika kwa zote mbili. Na hapa ndipo ile tarakimu moja ya mwaka inapoleta balaa, kwa kuwa bloku ya 350 iliyosubiwa mwaka 1979 inaonyesha 9 ile ile ya 1969. Herufi tatu za kuishia mhuri wa 1979 zingemfichua mghushi, lakini si zimekwisha kuchongwa?

Watafiti wa magari haya wamejifunza kuangalia mambo ambayo mgongaji namba hayafikirii. La kwanza ni mikwaruzo ya mashine. Kiwandani uso wa bloku ulisawazishwa kwa kisu kirefu chenye meno mengi kilichopita kwa mkupuo mmoja, kikaacha mistari myembamba iliyonyooka toka mbele kuelekea nyuma. Mashine ya gereji hutumia jiwe au kisu kinachozunguka, na huacha mapinde. Mhuri unaokaa juu ya mapinde umegongwa baada ya kiwanda. Mhuri unaokaa juu ya uso uliong'arishwa kama kioo unatia shaka zaidi, maana kuna aliyetaka alama zote zipotee.

La pili ni mkono wa kiwanda wenyewe. Flint waliweka namba kwenye kishikio kimoja na kuzigonga kwa pamoja, kwa hiyo injini za siku moja hushiriki kasoro zile zile: tarakimu iliyoinama kidogo, herufi iliyozama kuliko jirani yake, nafasi isiyo sawa. Anayemiliki picha za mihuri halisi ya 14 Machi anaweza kulinganisha. Sehemu ya namba ya chesisi iligongwa katika mji mwingine kwa kifaa kingine, kwa hiyo haitakiwi kufanana na mhuri wa injini kwa umbo wala kwa kina. Mihuri miwili inayofanana kama mapacha, iliyopangwa kwa usafi kwenye mstari mmoja, ni dalili mbaya. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wanakimbizana na mstari unaotembea. Unadhifu hawakulipwa.

Siku hizi kuna wanaojua kurudisha hata ile mistari iliyonyooka, na wapo wanaosaga tarehe iliyosubiwa na kubandika nyingine yenye umbo la kuinuka. Hiyo ya pili ni kazi ngumu zaidi kuificha, kwa sababu chuma kilichosubiwa kina ngozi ya mchanga wa kalibu isiyoigwa kirahisi. Kwa maoni yangu ndiyo maana mkaguzi aanze nyuma ya bloku, mahali penye giza na mafuta, kabla ya kushangaa mhuri ulio mbele ambao kila mnunuzi anaonyeshwa. Mahakama na polisi wana njia zao za kemikali za kufufua namba iliyofutwa, kwa kuwa kugonga hubana chuma hata chini ya alama inayoonekana, ila chuma cha kusubu hakitoi majibu mazuri kama chuma cha pua au bamba la bodi.

Kama injini peke yake haitoshi, vifaa vingine huhojiwa. Giaboksi ya gia nne ya Muncie (Z/28 haikuuzwa bila gia nne) ina mhuri wake: P ya kiwanda, tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, siku, na herufi ya aina. Herufi zake za miezi ni mtego wa ajabu. Januari hadi Mei ni A hadi E kama kawaida, halafu Juni inakuwa H, Julai K, Agosti M, Septemba P, Oktoba R, Novemba S na Desemba T. Mgongaji wa kughushi aliyejifunza alfabeti ya bloku tu atajikuta ameandika mwezi usiokuwapo. Kabureta ya Holley ina tarakimu tatu: mwaka, mwezi, wiki. Silinda hedi, manifoldi, pampu ya maji, alteneta na distributa vyote vina tarehe. Hata vioo vya milango vina alama ya mwezi na mwaka. Kifaa kimoja kikipishana na vingine si ajabu, pampu ya maji huharibika na hubadilishwa. Lakini gari ambalo vifaa vyake vyote vinakusanyika katika wiki chache za mwanzo wa 1969 ni gumu mno kutengeneza kwa mkono, kwa sababu mghushi anapaswa kuwinda kila kipande peke yake.

Kinyume chake pia kinafaa kuogopwa. Gari ambalo kila tarehe imepangika kwa uzuri mno, bila kifaa hata kimoja kilichobadilishwa kwa zaidi ya miaka 50 ya matumizi, linastahili maswali kuliko lile lenye alteneta ya mwaka 1974.

Kuna tofauti nyingine ambazo si udanganyifu, na mkaguzi mwenye haraka huwaonea watu. Mwaka wa modeli si mwaka wa kalenda: gari la modeli ya 1969 lililotengenezwa mwishoni mwa 1968 litakuwa na bloku ya L 18 8, na halina kosa lolote. Camaro ya 1969 iliendelea kutengenezwa hadi Novemba ya mwaka huo kwa sababu modeli mpya ilichelewa hadi Februari 1970, kwa hiyo bloku ya Oktoba 1969, ambayo kwa gari jingine ingekuwa ya modeli ya 1970, hapa ni sahihi. Injini zilizokaa ghalani ziliweza kutoka bila kufuata zamu. Migomo ilisimamisha kila kitu: mgomo wa Norwood wa mwaka 1972 ulichukua siku 174, na mamia ya magari yaliyokwama mstarini yaliishia kuharibiwa kwa kuwa hayakutimiza tena masharti ya mwaka uliofuata. Mwaka wenye mgomo hauwezi kupimwa kwa kipimo cha mwaka wa kawaida.

Halafu zipo bloku zenye mhuri CE. Kuanzia mwaka 1968, injini iliyokufa ndani ya udhamini ilibadilishwa na Chevrolet kwa bloku iliyogongwa herufi hizo. Si injini ya asili ya gari, lakini ni historia ya kweli ya gari hilo, na mimi ningeichagua mara kumi kabla ya mhuri wa DZ uliogongwa juzi. Vivyo hivyo kwa bloku isiyo na namba kabisa. Katika miaka ambayo magari haya yalikuwa mitumba ya kawaida, mafundi walichonga bloku kwa nia njema bila kujali mihuri, kwa kuwa hakuna aliyedhani itakuja kuwa na thamani. Uwanja mtupu ni hasara ya mwenye gari, haumfanyi kuwa mwizi.

Kampuni nyingine zina lugha zao. Ford hupanga kinyume: 9C14 ni tarehe 14 Machi 1969, mwaka ukitangulia. Tena Ford huruka herufi I, kwa hiyo Septemba ni J na Desemba ni M. L kwa Ford ni Novemba, kwa Chevrolet ni Desemba, na makosa ya aina hii yamewahi kufanya magari halali yaitwe ya kughushi. Chrysler waliandika tarehe ya kusubiwa kwa tarakimu tupu, mwezi, siku na mwaka, kisha kwenye mhuri wa injini wakatumia hesabu ya siku zinazofuatana.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kumbukumbu. Mwenye Ford ya kuanzia mwaka 1967 anaweza kununua ripoti ya Marti, iliyotolewa kwenye kumbukumbu za Ford zenyewe, ikamweleza gari lake lilitoka na injini gani. Mwenye Pontiac ana hati za Pontiac Historic Services. Jaguar Daimler Heritage Trust, kwa Jaguar, hutoa cheti kinachotaja namba ya chesisi, ya injini na ya giaboksi kama zilivyoandikwa kiwandani. Huko kazi ya mkaguzi ni kulinganisha namba iliyo kwenye chuma na iliyo kwenye karatasi. Camaro zilizouzwa Marekani hazina leja ya namna hiyo, ingawa zile zilizouzwa Kanada zina kumbukumbu za General Motors ya huko. Ndiyo maana watu wa Chevrolet wakawa wasomaji hodari wa chuma kuliko wengine wote. Karatasi waliyonyimwa iliwalazimisha.

Afrika Mashariki swali hili lina sura nyingine. Kadi ya gari ya Tanzania na logibuku ya Kenya huandika namba ya injini kando ya namba ya chesisi, kwa sababu za usajili na wizi, wala si za makumbusho. Land Rover na Peugeot zilizobeba watu katika barabara za vumbi zilibadilishwa injini kwa sababu kazi ilikuwa inasubiri, na aliyeweka injini ya dizeli mahali pa petroli alionekana mwerevu. Lakini tangu mwaka 1970 Nairobi imekuwa na mashindano yake ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, na bei ya Land Rover za zamani imepanda. Mwenye Land Rover ya Series anaweza kuomba cheti cha urithi Uingereza na kujua injini iliyotoka na gari lake ilikuwa na namba gani. Kadi ya zamani ya babu, yenye injini iliyoandikwa mwaka wa kwanza wa usajili, ina thamani ambayo familia nyingi hazijaijua. Isitupwe.

Sheria haijamaliza ubishi. Marekani ilipitisha mwaka 1984 sheria inayofanya kubadilisha au kufuta namba ya utambulisho wa gari kuwa kosa la jinai, lenye kifungo kinachoweza kufikia miaka mitano. Hata hivyo wapo wanaojitetea kwamba kugonga upya mhuri wa injini ni sehemu ya ukarabati, sawa na kurudisha rangi ya awali. Utetezi huo siukubali. Rangi mpya haidai kuwa rangi ya zamani. Mhuri uliogongwa leo ukisema 14 Machi unadai kuwa tukio lililotokea Flint, na tukio hilo halikutokea. Anayetaka kugonga agonge, kisha aandike hivyo kwenye hati ya mauzo, aone kama bei itabaki ile ile.

Kwa anayekwenda kununua: usikwangue uso wa mhuri kwa brashi ya waya wala msasa, maana utafuta ile mistari uliyokuja kuitafuta. Tumia dawa ya kulainisha grisi na kitambaa, piga picha mwanga ukitokea pembeni, na piga picha tarehe ya nyuma ya bloku kabla ya mhuri wa mbele. Andika tarehe zote kwa mpangilio wa kalenda. Muuzaji akikuzuia kuona nyuma ya bloku, lipa bei ya Camaro ya kawaida au rudi nyumbani.